Uvimbe wa Kichwani Niliokwenda Nao Guangzhou

Tangu nirudi Mbeya, wageni hawaishi nyumbani kwangu. Mnakuja na sukari, mnakaa, mnaulizia mvua na bei ya mchele, halafu macho yenu yanapanda taratibu hadi kichwani kwangu. Mama Anyisile alijikaza mpaka chai ya pili, ndipo akauliza kama ni kweli Wachina wamenifungua fuvu. Nimechoka kusimulia nusu nusu, kila mtu akiondoka na kipande chake na kwenda kukishonea cha kwake. Basi nimeandika yote. Habari za tiketi, viza na mihuri naziruka, maana hazina utamu, na mliokwishapita huko mnazijua.

Mbeya hadi Dar

Uvimbe nilikuwa nao tayari nilipopanda basi, ila tulikuwa hatujatambulishwa. Nilichojua ni kichwa kilichouma kila asubuhi na kupoa mchana, na miimo ya milango iliyonigonga bega la kushoto ndani ya nyumba niliyokaa tangu niolewe. Mume wangu, Baba Tumaini, alisema ni presha. Duka la dawa likasema malaria, kwa sababu hiyo ndiyo dawa waliyokuwa nayo. Mchungaji Elia wa kanisa letu, ambaye kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi ni mfanyabiashara wa simu, alisema ni wivu wa wenye maduka ya viatu wenzangu. Akanipa chupa ya mafuta ya upako, kisha akatangulia China kufuata mzigo. Nikapaka. Kichwa kikaendelea kuuma, ila sasa kilikuwa kinang'aa.

Basi likaharibika Kitonga, tukakaa kando ya barabara kumsubiri fundi kutoka Iringa. Dada aliyekaa kushoto kwangu alinisusa kuanzia hapo hadi Ubungo. Tulipokuwa tunateremsha mizigo akanieleza kosa langu: alininyooshea karanga mara kadhaa, nami nikampuuza kama mtoto wa waziri. Nilimwambia sikuziona. Akasema watu wa viatu vya jumla tuna dharau sana.

Dar hadi Guangzhou

Ndani ya ndege tulikuwa wafanyabiashara watupu, kila mmoja na begi tupu ndani ya begi lingine tupu. Chakula kilikuja kimefunikwa, wali na kuku aliyekuwa laini kiasi cha kutia shaka. Nilikula wangu na wa jirani yangu aliyelala, na aliposhtuka nikamwambia hawakuleta.

Mwaka ule wenyeji walikuwa wanajiandaa na Olimpiki ya Beijing, wakaona usafi uanzie kwetu. Kutoka Guangzhou hadi Beijing ni mbali sana, lakini inaonekana vumbi letu lilikuwa linafika. Kwenye uwanja wa ndege sisi weusi tulitengewa foleni yetu, ndefu na isiyosogea. Afisa mmoja alinipungia mkono kutoka upande wa kushoto, sikumwona, akadhani namkaidi. Nikawekwa benchi la wakaidi hadi walipochoka kunitazama.

Xiaobei

Xiaobei ndio mtaa wetu kule. Kuna maghorofa ya bidhaa za jumla, hoteli za bei rahisi, mawakala wa mizigo na migahawa inayosonga ugali. Safari hii nilikuta mtaa umenyong'onyea. Polisi walisimama chini ya daraja wakidai pasipoti, na ndugu zetu ambao viza zao zilikwisha walishinda vyumbani wakiagiza chakula kwa simu. Mmoja wao alikuwa Mchungaji Elia. Aliendesha ibada chumbani kwake milango ikiwa imefungwa, na ili majirani wasisikie, tulimsifu Mungu kwa kunong'ona. Pambio la kunong'ona ni kitu cha ajabu, linafanana na watu wanaosengenya.

Chumba nilichangia na Bi Zuhura binti Salum, muuza mapazia wa Zanzibar. Tulikuwa tunafahamiana kwa salamu tu, za kwenye lifti. Tulikubaliana kuhusu taa na kiyoyozi, mengine kila mtu na dini yake. Asubuhi moja nilikuwa namimina chai, naye akageuka kunitazama.

"Mwenzangu, hiyo chai wamnywesha nani? Kikombe kiko huku."

Nilikuwa nimemimina mezani, sentimita chache kushoto kwa kikombe.

"Ni uchovu wa ndege," nikasema.

"Ndege umeshuka wiki nzima. Hebu kaonane na daktari."

"Nimeombewa."

"Haya. Na meza nayo umeiombea?"

Nilifuta meza nikaenda kazini.

Guangyuan Xilu

Kazi yenyewe iko Guangyuan Xilu, barabara ya maduka ya jumla karibu na stesheni ya treni, ambako wapagazi wanakokota marobota na wewe ukizubaa unakokotwa nayo. Kule kila muuzaji tunamwita laoban, yaani bosi, hata kama ni binti anayekula tambi. Laoban wangu aliitwa Lin. Nilikuwa nimeagiza kwake viatu vyekundu vya kike, vya msimu wa harusi. Utaratibu wetu ni huu: ukishakubali sampuli, mguu mmoja unabaki kwake, mmoja unaondoka nao. Siku ya mzigo miguu inakutanishwa, isipofanana ni vita.

Lin akafungua boksi. Nikachukua kiatu, nikafunga jicho la kulia kama nifanyavyo siku zote ninapofuata mshono, nikaona rangi ya tope. Nikafungua macho yote mawili, kiatu kikawa chekundu chenye wasiwasi. Nikajua ni taa. Maduka yale yana taa za ujanja, zinazoweza kugeuza kaniki kuwa hariri. Nikakipeleka dirishani kwenye mwanga wa Mungu, nikafunga tena jicho la kulia. Tope.

"Laoban, unanichezea," nikasema. "This one no red."

"Red, my friend. Same-same sample."

"Same-same kwa bibi yako."

Watu wakajaa. Nikatumia silaha yetu kubwa: nikageuka nikaondoka. Mnaijua. Unatembea kwa hatua fupi, bega limelegea, bila kugeuka nyuma, na muuzaji anatakiwa akuite kabla hujafika kwenye ngazi. Lin hakuniita tu, alinikimbilia. Akanisukumia kiatu usoni, kisigino kikaelekea jicho la kushoto, nikalifumba nisichomwe. Kiatu kikawa chekundu pyuu.

Nikafumbua la kushoto, nikafumba la kulia: tope. Nikabadilisha tena. Kiatu kilikuwa kile kile na Lin alikuwa ameshika pale pale. Sasa nyinyi mtadhani nilimwomba radhi. Nilimwambia nimemsamehe, asirudie, na afunge mzigo. Halafu nikashuka ngazi nimeshika reli kwa mikono miwili. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

Hospitali

Mkalimani wangu alikuwa Didier, wakala wa mizigo kutoka Lubumbashi, mwenye Kichina kizuri sana kuhusu makontena. Nilikwenda kwa daktari wa macho, naye akanisukumia hospitali kubwa. Huko walinilaza kwenye kitanda kinachoingia ndani ya bomba, na bomba likagonga kichwa changu kwa kelele kama mafundi wa bati. Kisha daktari wa ubongo, bwana mwembamba mwenye sauti ndogo, akaning'iniza picha kwenye taa. Nyuma ya jicho langu la kushoto kulikuwa na kitu cheupe, kikubwa kama ndimu.

"Maman, docteur anasema iko uvimbe," Didier akasema. "Haiko ndani ya ubongo yenyewe. Imeotea kwa ile ngozi inafunika ubongo. Jina yake meningioma."

"Ni saratani?"

"Anasema mara mingi hapana, ya namna hii. Inakuwa polepole, miaka na miaka. Banamuke ndio inapenda."

"Muulize ni nani aliyeniwekea."

Didier alinitazama, lakini alitafsiri. Daktari akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Anasema hakuna mutu ameweka, Maman. Inajioteaka tu."

Nikafikiria chupa yangu ya mafuta na maduka yote ya jirani niliyoacha kuyasalimia. Daktari akaendelea kueleza. Wengine wanao uvimbe kama huo mdogo, hausumbui, unaachwa na kupigwa picha mara kwa mara. Wengine wanachomwa kwa mionzi. Wangu ulikuwa umeukaba mshipa wa fahamu wa jicho la kushoto, na ulikuwa unatambaa kuelekea pale mishipa ya macho yote mawili inapokutana. Ukiachwa, la kushoto linakufa na la kulia linafuata. Lazima wafungue.

Akataja gharama. Akataja pia wiki za kukaa. Nami, kwa mazoea, nikasema "tai guile", ghali mno, nikamwambia Didier ampe nusu ya pesa na nusu ya wiki. Daktari akarudia maneno yake kwa sauti ile ile. Basi nikasimama, nikalegeza bega, nikatoka kwa hatua fupi.

Ukumbi wa hospitali ile ni mrefu. Nilipita wagonjwa waliovaa pajama za mistari, wakisukuma chupa zao za maji, wakanitazama ninavyotembea kama bibi harusi. Nikafika kwenye lifti. Lifti ikaja, ikafunguka, ikaondoka. Hakuna aliyeniita. Mwishowe Didier akatokea, ameziba mdomo kwa mkono.

"Maman, docteur amekwisha ita mugonjwa mwingine."

Nikarudi na kukaa kwenye benchi kama wengine. Sehemu kubwa ya mtaji wa viatu ikahamia kichwani.

Siku ya kisu

Kule hospitali nesi anakupa dawa na sindano, lakini kuoga, kula na kugeuzwa ni kazi ya ndugu yako. Na bila ndugu wa kukubali kwa niaba yako, hakuna anayeshika kisu. Mchungaji Elia alisimama mbele ya kusanyiko letu la wanong'onaji, akatangaza kwamba yeye ndiye kaka yangu hapa ugenini, na siku ya operesheni atakuwa kichwani pangu. Watu wakasema amina, kwa sauti ya chini.

Nilianzishiwa vidonge vya kuzuia ubongo usivimbe. Hivyo vinaleta njaa isiyo na adabu. Nilimaliza uji wangu wa mchele, nikamaliza wa bibi wa kitanda cha pili, na uso ukaanza kujaa.

Siku ilipofika, polisi walikuwa wameuzunguka mtaa tangu asubuhi. Simu ya Mchungaji Elia ilikuwa imezimwa. Daktari alisimama mlangoni akitazama saa, Didier akipiga namba ile ile tena na tena. Akaingia Bi Zuhura, aliyekuja kuniletea kandambili nilizosahau.

"Kuna nini?" akauliza.

"Ndugu yake hakuja," Didier akasema. "Bila ndugu wanaahirisha. Na hawajui mpaka lini."

Zuhura akaweka kandambili chini ya kitanda.

"Mwambie mie dada yake."

Daktari akamtazama Zuhura, na buibui lake. Akanitazama mimi, na msalaba wangu shingoni. Akauliza kitu.

"Anauliza kama ni baba moja," Didier akasema.

"Baba mmoja, mama mbalimbali," Zuhura akajibu bila kupepesa. "Marehemu alikuwa mtu wa safari."

Daktari akatikisa kichwa kukubali. Nimewalaumu sana Wachina kwa kutuona wote sura moja. Siku ile niliwashukuru.

Walininyoa nywele zote. Nilipoanza kusukumwa nikamshika Zuhura mkono, nikamwuliza itakuwaje nikifa.

"Hufi," akasema. "Ukifa chumba nitachangia na nani?" Lakini hakuuachia mkono wangu hadi walipomzuia mlangoni, nami nilimpenda kwa hilo.

Nilipozinduka sikuona kitu. Giza upande huu, giza upande ule. Nililia hadi nesi akaja kunikemea, maana kulia kunapandisha presha ya kichwani. Nikasikia sauti ya Zuhura ikisema ni kope tu zimevimba, daktari kasema zitashuka, nitulie. Nisipenge kamasi, nisiiname, nisijikamue. Sikumwamini. Nililala siku hizo nikiwa kipofu, nikimwuzia Lin viatu vyangu vyote kichwani, nikimwacha Baba Tumaini aoe mwenye macho.

Kisha jicho la kulia likafunguka, na baadaye la kushoto kidogo. Nikalifunika la kulia kwa kiganja. Nikamwona Zuhura. Pembeni kulikuwa na ukungu, na rangi ya kanga yake ilikuwa imepauka, lakini alikuwa yeye, amekaa kwenye kiti, anakula uji wangu.

"Huo ni wangu," nikasema.

"Uliusinzilia," akasema, kisha akaweka bakuli chini na kulia kuliko mimi.

Daktari alieleza kwamba ametoa karibu wote. Kipande chembamba kimeng'ang'ania mshipa mkubwa wa damu, na kukibandua kungeniua, kwa hiyo amekiacha. Maabara imesema ni wa aina ya upole. Lakini kila mwaka nipigwe picha, bila kukosa, kwa sababu wapole nao huamka.

Kupona

Akaongeza kwamba marufuku kupanda ndege hadi hewa iliyoingia ndani ya fuvu iishe. Nilikuwa na hewa kichwani, jambo ambalo Baba Tumaini amelisema miaka yote. Viza nayo ilikuwa inaelekea ukingoni. Ilivyorefushwa ni makaratasi, na makaratasi nimeahidi kuyaruka.

Kupona si kama mnavyodhani, kwamba unaamka umekuwa mpya. Nilichoka kwa kupiga mswaki. Vidonge vya kuzuia kifafa vilinilaza mchana kutwa. Niliomba kijiko nikasema kontena, nikakasirika Zuhura aliponitazama. Yeye ndiye aliyeniogesha, akinifunika plastiki kichwani, akinung'unika kwamba nina mwili wa kubeba saruji. Kutoka kwenye ibada ya kunong'ona hakuja mtu. Waliniletea salamu za maombi kwa simu.

Siku moja tukitoka kumwona daktari, polisi wakatusimamisha chini ya daraja. Kwenye pasipoti mimi ni mwembamba, nina rasta hadi mabegani. Aliyesimama mbele yao alikuwa na uso wa sufuria na jicho limezungukwa na rangi ya zambarau. Polisi kijana akatikisa kichwa: si yeye. Zuhura akafungua bahasha kubwa ya hospitali, akachomoa picha ya kichwa changu, akainyanyua juani.

Polisi wakasogea. Mmoja akafuata kwa kidole mzingo wa fuvu, mwingine akamwonyesha mwenzake mahali uvimbe ulipokuwa, wakajadiliana kama wanaosoma ramani. Kisha yule kijana akanirudishia pasipoti kwa mikono miwili, kama wanavyompa mtu wanayemheshimu. Nadhani ni mimi peke yangu mtaani pale niliyekaguliwa mpaka ubongo.

Wiki hiyo hiyo wakamkamata Mchungaji Elia. Alikuwa amechoka tambi za kuagiza, akachungulia nje, akakimbilia mgahawani kula ugali. Walimkuta hajanawa mikono. Wakamrudisha nyumbani, nami nilimhurumia, kidogo.

Mbeya

Kwa hiyo alifika kabla yangu, na maneno yake yakafika naye. Nilipoteremka stendi nilikuta kwaya ikinisubiri. Ilikuwa inaimba kwa sauti kamili, juu ya mwanamke ambaye uvimbe wake uliyeyuka kwa kuwekewa mikono, madaktari wa China wakabaki na visu vyao mezani. Aliyeweka mikono ni Mchungaji Elia. Alikuwa kichwani pangu, ndivyo alivyowaambia, tangu asubuhi hadi jioni.

Nilikuwa nimechoka na safari, nikaacha waimbe. Nilipomwambia Baba Tumaini kwamba mwakani tujiandae kwenda Dar, nikapigwe picha, alikuna kidevu.

"Mama Tumaini, watu watasemaje? Mtu ameshaponywa, picha ya nini tena? Si utaonekana huna imani?"

Si mtu mbaya. Alikuwa na furaha, na furaha haitaki maswali. Lakini kile kipande kilikuwa kwenye mshipa, na jicho langu lilikuwa jirani yake. Nikinyamaza, ningebaki nimeponywa mpaka nipofuke.

Jumamosi Mchungaji Elia alikuja mwenyewe, akakataa soda, akaongea kwa upole.

"Mama, kesho sema kwa kifupi tu. Tusimwaibishe Mungu."

"Nitakuwa mfupi sana, Mchungaji," nikamwambia.

Kesho yake nikaitwa mbele kutoa ushuhuda. Nikapewa kipaza sauti, nikakiweka juu ya meza. Nikafungua kitambaa, mkunjo kwa mkunjo, nikainamisha kichwa na kugeuka polepole ili hata benchi la nyuma waone kovu lilivyotoka sikio hadi sikio, na nywele zilizoota kwa mafungu. Ndipo nikakichukua kipaza sauti.

"Mungu namshukuru," nikasema. "Aliyenipasua ni daktari. Aliyesimama kichwani pangu ni Bi Zuhura binti Salum wa Zanzibar, Mwislamu, naye ndiye aliyeniogesha. Uvimbe haukuisha wote. Kila mwaka nitakwenda kupigwa picha ili nisiwe kipofu. Baba Tumaini, utanisindikiza?"

Baba Tumaini alikuwa benchi la tatu, miongoni mwa wazee wa kanisa. Alitazama viatu vyake, akamtazama Mchungaji, halafu akanitazama kichwa, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kukitazama vizuri. Akasimama.

"Nitakusindikiza," akasema.

Mchungaji Elia akawaashiria wanakwaya waimbe. Walichelewa sana kuanza.